Bushi ilibaki nzima, shafti ikaliwa: kisa cha plastiki iliyoimarishwa kwenye mashine ya kuoshea chupa

Mashine yenyewe

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda cha vinywaji, kwenye mashine ya kuoshea chupa za kioo zinazorudishwa na wateja. Jina la kiwanda, mahali kilipo na majina ya wahusika yameondolewa. Vipimo vichache vimesogezwa kidogo ili mashine isitambulike, lakini uwiano kati yake haujaguswa, kwa hiyo hesabu zilizomo zinasimama.

Ndani ya mashine ya aina hii chupa hupita kwanza kwenye matangi ya maji ya moto yenye kostiki soda, kisha husuuzwa kwa maji yanayopungua joto hatua kwa hatua, hadi maji baridi kabisa karibu na mlango wa kutokea. Sehemu tunayoizungumzia ni shafti 12 zinazobeba na kurudisha minyororo ya kusafirishia chupa. Kila shafti inazunguka ndani ya bushi mbili (bushi ni bomba fupi linaloibeba shafti inapozunguka), kwa hiyo jumla ni bushi 24. Nane ziko ukanda wa moto, ambako joto hufika sentigredi 80 na mvuke wa kostiki haukatiki. Kumi ziko ukanda wa kusuuza. Sita zilizobaki ziko upande wa kutokea, ambako ni pakavu kwa kiasi kikubwa.

Shafti ni za stenlesi aina ya 304, kipenyo mm 50, na huzunguka mara 45 kwa dakika. Bushi ina urefu wa mm 50 na ukuta wenye unene wa mm 5, imeshindiliwa ndani ya hausingi ya chuma cha kutupwa. Ukanda wa moto ndio unaobeba mzigo mkubwa: kila bushi hubeba takribani niutoni 2,000, sawa na uzito wa kilo 200 hivi.

Kwa nini bronzi ilitakiwa kuondoka

Bushi za awali zilikuwa za bronzi, zikilainishwa kwa grisi. Zilifanya kazi miaka mingi, lakini kwa gharama ya kazi isiyoisha. Maji ya moto yenye kostiki hulainisha grisi na kuikokota, kwa hiyo mafundi walilazimika kuongeza grisi kila zamu. Iliyokokotwa haikupotea, ilionekana kama utando juu ya maji ya kusuuzia, na mara moja ilikutwa kwenye mdomo wa chupa iliyokwisha kukaguliwa. Katika kiwanda cha vinywaji jambo hilo halina mjadala. Uongozi uliagiza grisi iondoke kabisa kwenye njia ya chupa.

Agizo lilikuwa sahihi, na ninalisisitiza kwa sababu baada ya matatizo kuanza wapo waliotaka kurudi kwenye bronzi kana kwamba wazo lote la plastiki lilikuwa kosa. Halikuwa kosa. Kulikuwa na plastiki iliyofaa mahali pale. Haikuwa ile iliyochaguliwa kwanza.

Uamuzi wa kwanza na hoja zake

Mhandisi wa matengenezo alichagua nailoni 66 iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo asilimia 30 na kutiwa asilimia 15 ya unga wa PTFE (plastiki inayoteleza, maarufu kama Teflon). Tuzipitie hoja zake kwa haki, maana kila moja ilikuwa na mguu wa kusimamia.

Hoja ya kwanza ilihusu msuguano. PTFE, ile iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938 katika maabara ya DuPont, ina msuguano mdogo kuliko karibu kila kitu kigumu tunachotumia mashineni: kati ya 0.05 na 0.10 dhidi ya chuma. Ikichanganywa ndani ya nailoni, chembe zake huachia utando mwembamba juu ya shafti, na baada ya muda plastiki inateleza juu ya utando huo badala ya kusugua chuma kitupu. Mhandisi alijua vilevile kwamba PTFE peke yake haifai kubeba mzigo, kwa kuwa hutambaa: ukiibana, hupungua unene taratibu hata pasipo joto, na hulika haraka.

Hoja ya pili ilihusu uimara. Nailoni tupu ikilowa maji na kupata joto la sentigredi 80 hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake. Nyuzi za kioo huirudishia ugumu huo na kupunguza kutambaa. Kwa hiyo neno “iliyoimarishwa” kwenye karatasi ya muuzaji lilijibu hofu halisi.

Hoja ya tatu ilikuwa hesabu ya PV, yaani shinikizo likizidishwa kwa kasi, ambayo ndiyo hesabu ya kwanza ya bushi yoyote kavu. Mzigo wa niutoni 2,000 ukigawanywa kwa eneo la kivuli cha bushi, mm 50 kwa mm 50, unapata megapaskali 0.8. Kasi ya uso wa shafti ni mita 0.12 kwa sekunde. Zao lake ni takribani 0.1. Karatasi ya mtengenezaji ilionyesha kikomo kilicho juu ya hapo mara kadhaa. Kwa hesabu hiyo, bushi ilikuwa inafanya kazi ya mchezo.

Majaribio yalifanyika, nalo ni jambo la kupongezwa, lakini yalifanyika kwenye bushi mbili za upande wa kutokea, kwa kuwa huko ndiko mashine hufunguka kirahisi bila kumwaga matangi. Zilikwenda vizuri kabisa. Hazikupiga kelele, hazikulika, na shafti ilianza kupata mng’ao wa kijivu unaoonyesha kwamba utando wa PTFE umeshika. Baada ya hapo bushi zote 24 zilibadilishwa wakati wa matengenezo ya mwaka.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha. Grisi ilikwisha, maji ya kusuuzia yakawa safi, mota ikavuta umeme kidogo kuliko zamani.

Baada ya mwezi na nusu hivi, mlio ulianza ukanda wa moto. Ulisikika hasa mashine inapowashwa baada ya mapumziko ya mwisho wa juma, kisha ulipungua, kisha ukarudi na kukaa. Mota ikaanza kuvuta umeme mwingi zaidi. Mafundi walipofungua bushi moja waliona shimo lake limebana. Shafti haikuzunguka kwa mkono.

Uamuzi uliofuata ndio uliogharimu zaidi. Bushi zote za ukanda wa moto zilipelekwa kwa fundi wa kerezo, zikapanuliwa kwa mm 0.1 na kurudishwa. Mlio ulikoma siku ileile. Kila mtu aliridhika kwamba tatizo lilikuwa nafasi ndogo kati ya bushi na shafti, na kweli lilikuwa hilo, ila halikuwa hilo peke yake. Kupanua shimo kulituliza dalili ya kwanza na kuipa ya pili nguvu mpya, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Miezi michache baadaye chupa zilianza kuvunjika wakati wa kuingia kwenye vikombe vya mnyororo. Walirekebisha mnyororo, wakabadilisha vikombe, wakarekebisha tena mnyororo. Chanzo kilikuwa shafti zenyewe: zilikuwa zimeshuka, na mnyororo haukukutana tena na chupa kwa wakati wake. Uzalishaji ulisimamishwa na mashine ikafunguliwa yote. Hapo ndipo nilipoitwa.

Tulichokikuta tulipofungua

Fundi wa zamu alivuta shafti ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ulikwama. “Mkuu,” akasema, “bushi haijalika. Shafti ndiyo imeliwa.”

Alikuwa sahihi neno kwa neno. Palipokuwa na bushi, shafti ilikuwa na mfereji uliozunguka, wenye mistari myembamba sambamba kama iliyochorwa kwa kichana, na kwa maikromita, chombo cha kupimia unene, kipenyo kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu milimita. Bushi iliyokuwa ikiisugua ilikuwa imepoteza kidogo sana. Ndani ya shimo lake kulikuwa na uji wa kijivu, mzito, wenye chenga ukiusugua kati ya vidole viwili. Chini ya lenzi uji huo ulikuwa na vitu vitatu: unga wa plastiki, vipande vya nyuzi za kioo, na chembe za chuma zinazong’aa. Nyingine zilikuwa zimejichomeka kwenye ukuta wa bushi na kukaa humo.

Bushi za upande mkavu, za kundi lilelile, mtengenezaji yuleyule, zilikuwa safi. Shafti zake zilikuwa na mikwaruzo midogo tu chini ya mng’ao wa kijivu.

Sababu tatu zilizofanya kazi pamoja

Ya kwanza ni nyuzi za kioo dhidi ya shafti laini. Stenlesi ya 304 haikazwi kwa kuchomwa na kuzimishwa majini. Ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni 200 hivi au chini, nao kioo ni kigumu kuliko hapo mara kadhaa. Bushi iliyotoka kwenye kalibu huwa na ngozi nyembamba yenye plastiki nyingi na nyuzi chache usoni. Ukiipitisha kwenye kerezo unaondoa ngozi hiyo na kuacha ncha za nyuzi zilizokatwa, zimesimama, zikitazama shafti. Bushi hizi zilikerezwa mara ya kwanza ili zipate kipimo. Zilipopanuliwa kwa ajili ya mlio, ncha mpya zilifunuliwa wakati uleule ambapo nyuso zilikuwa zimeanza kuzoeana. Kisha chembe za chuma zilizochomoka zikajichomeka kwenye plastiki, na bushi ikawa msasa wa mviringo.

Kwa bushi zenye nyuzi za kioo, shafti inapaswa kuwa imekazwa hadi takribani 50 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, au ipakwe tabaka gumu. Hilo halikuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya muuzaji. Liliandikwa, lakini mbali.

Ya pili ni maji. Nailoni hunywa maji. Nailoni 66 tupu ikishiba hufikia takribani asilimia 8 ya uzito wake. Ikiwa na kioo asilimia 30 na PTFE asilimia 15 hunywa kidogo zaidi ya nusu ya hapo, kwa sababu kioo na PTFE havinywi. Inaponywa, inavimba. Bushi iliyoshindiliwa ndani ya hausingi ya chuma haiwezi kuvimba kwenda nje, kwa hiyo huvimba kwenda ndani. Tufanye hesabu ya karibu. Kuvimba kwa asilimia 0.8 kwenye ukuta wa mm 5 ni mm 0.04. Joto kutoka sentigredi 20 hadi 80 huongeza mm 0.02 nyingine kwenye ukuta huohuo. Kuta mbili zinazotazamana zinakula mm 0.12 ya kipenyo, na hapo bado hatujahesabu kwamba mzingo wa bushi nao umebanwa na husukuma zaidi kwenda ndani. Shafti inatanuka kwa mm 0.05, hausingi nayo karibu mm 0.04, kwa hiyo hizo mbili karibu zinafutana. Nafasi iliyoachwa ilikuwa mm 0.10, kipimo cha bronzi. Bushi haikuwa na njia ila kukumbatia shafti.

Kuvimba kwa maji huchukua muda, maana maji hupenya ukuta polepole. Ndiyo sababu wiki za kwanza zilikuwa shwari, nayo ndiyo sababu majaribio ya upande mkavu hayakuonyesha chochote.

Ya tatu ni utando wa PTFE kutoshika. Utando huo hujengeka vizuri pakavu. Maji yanayopita kati ya nyuso huzuia chembe kushikamana na chuma na huusomba utando kabla haujakaa. Mahali ambapo ulainishaji ulitegemewa zaidi ndipo palipokuwa na maji mengi zaidi.

Hizi tatu zilisaidiana. Bushi iliyobana huongeza mzigo juu ya nyuzi. Nyuzi hukwangua utando mdogo uliojaribu kushika. Pasipo utando msuguano hupanda. Msuguano ukiwa 0.1, joto linalozalishwa kwenye bushi moja ni wati 24. Ukipanda hadi 0.25, ni wati 60. Bronzi ingelipitisha joto hilo kwenda kwenye hausingi bila shida. Plastiki hupitisha joto kwa shida kubwa, mara mia na zaidi chini ya bronzi, na stenlesi nayo ni mpitishaji dhaifu ukiilinganisha na chuma cha kawaida. Joto linabaki hapohapo, bushi inavimba zaidi, na duara linaendelea.

Uamuzi wa pili

Muuzaji, baada ya kuelezwa, alipendekeza PET, plastiki ya jamii ya chupa za maji, yenye kilainishi kigumu ndani yake. Kwa tatizo la maji lilikuwa pendekezo zuri: PET ikishiba hunywa asilimia 0.5 hivi tu, haina nyuzi za kukwangua shafti, na katika mashine za vyakula hutumika sana. Lakini PET ni poliesta, na kostiki moto huvunja minyororo ya poliesta. Hatukutaka mabishano ya maneno, kwa hiyo tulitundika vipande vya plastiki tano kwenye waya ndani ya tangi la moto, tukavipima uzito na unene kabla na baada. Kipande cha PET kilitoka kikiwa chembamba kuliko kilivyoingia, uso wake ukiwa na vishimo. Nailoni ilitoka nene. Jaribio hilo lilihitaji waya, mizani na subira, na nadhani ndilo jambo lililookoa fedha nyingi kuliko jingine lolote katika kisa hiki.

Nyuzi za aramidi, zile za jamii ya Kevlar, zilijadiliwa pia. Ni laini kwa shafti kuliko kioo, na zingefaa sana dhidi ya 304 isiyokazwa. Lakini kostiki moto huzidhoofisha, na nailoni iliyozibeba ingeendelea kunywa maji yaleyale.

Tulichokubaliana ni kuacha kutafuta plastiki moja kwa bushi zote 24. Ukanda wa moto ulipata PEEK, plastiki ya ghali inayohimili joto, iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, grafiti na PTFE, asilimia 10 kila kimoja. PEEK haijali kostiki, hunywa maji kidogo sana, na huyeyuka kwenye sentigredi 343, kwa hiyo 80 kwake si kitu. Nyuzi za kaboni hukwangua kidogo kuliko za kioo na husaidia kutoa joto. Bei yake ni mara nyingi ya nailoni, na uongozi ulisita kwa sababu hiyo. Hoja iliyowashawishi ni kwamba bushi zinazohitajika ni nane tu, na kwamba gharama ya kulinganisha ni ya shafti, hausingi na siku za kusimama, wala si ya kilo ya plastiki.

Shafti za ukanda huo zilikerezwa na kuvishwa mikono ya chuma (mirija inayoivaa shafti) iliyopakwa oksidi ya kromi, tabaka la kauri linalotumika kwenye shafti za pampu, kisha zikasagwa hadi ulaini wa Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso) mikromita 0.3. Tulilisimamia sana hili la ulaini. Uso wenye mikwaruzo hukata plastiki kama tupa, na uso laini kupita kiasi, kama kioo cha kujitazamia, hauupi utando mahali pa kushika.

Nafasi iliongezwa hadi mm 0.25, na ndani ya kila bushi tulichonga mifereji minne ya kwenda urefu wake. Kwa kuwa maji hayaepukiki, ni afadhali yapite, yapoze, na yatoke na uchafu, kuliko yakwame pamoja nao.

Ukanda wa kusuuza ulipata asetali ya kopolima, plastiki nyingine ngumu, yenye PTFE, bila nyuzi zozote. Mzigo huko ni mdogo, joto ni la kadiri, na asetali hunywa maji chini ya asilimia 1. Upande mkavu uliachiwa nailoni yake ya awali, kwa masharti ya kukagua shafti mara kwa mara.

Matokeo

Ukanda wa moto umekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Baada ya msimu mzima wa uzalishaji, maikromita haikupata tofauti ya maana kwenye mikono ya shafti, na bushi zilikuwa zimepungua kwa kiasi kidogo kinachotabirika. Mlio haujarudi.

Lakini bushi mbili za PEEK zilikutwa zikizunguka ndani ya hausingi pamoja na shafti. Chanzo ni tabia ambayo hutokea kwa plastiki yoyote iliyoshindiliwa: inapopata joto hutaka kutanuka, hausingi inaikatalia, plastiki inajikunja kidogo kuikubali hali hiyo, na inapopoa inakuwa ndogo kuliko shimo lake. Mkazo wa kushindilia pekee hautoshi mahali penye joto la kupanda na kushuka. Bushi zote za ukanda huo sasa zina ukingo wenye pini ya kuzizuia.

Ukanda wa kusuuza ndio uliotuangusha. Baada ya miezi kadhaa asetali ilianza kuwa nyeupe na kutoa unga kama chokaa, na bushi tatu zilikuwa na nyufa za juujuu. Mashine hiyo hutiwa dawa yenye klorini mwisho wa juma, na klorini hushambulia asetali. Ni udhaifu unaojulikana tangu zamani kutokana na viungo vya mabomba ya maji vilivyopasuka majumbani. Wakati wa kuchagua tuliuliza ni kemikali gani hutumika wakati wa uzalishaji, nalo lilikuwa swali pungufu. Dawa ya usafi iko mikononi mwa idara nyingine, haimo kwenye orodha ya kemikali za mashine, na aliyeijua alikuwa kijana wa usafi wa zamu ya usiku. Bushi hizo zilibadilishwa kwa polithini ya molekuli ndefu sana, UHMWPE. Ni laini na haivumilii joto kubwa, lakini kwa mzigo mdogo na maji ya vuguvugu inatosha, na dawa ile kwa kipimo kinachotumika haiisumbui.

Uchambuzi

Jambo kuu ninaloliona ni kwamba kuimarisha plastiki hubadilisha mahali ambapo uchakavu unatokea. Nailoni isiyo na nyuzi ingelika yenyewe, ingebadilishwa kila baada ya muda, na shafti ingebaki. Tulipoifanya iwe ngumu zaidi, uchakavu ulihamia upande wa pili wa jozi, kwenye kipande cha ghali ambacho hakuna aliyekuwa akikipima. Kwenye kadi za ukaguzi za kiwanda kile kulikuwa na safu ya “unene wa bushi”. Safu ya “kipenyo cha shafti” haikuwepo. Kwa hiyo kila ukaguzi ulirudi na jibu zuri wakati mashine inajila.

Karatasi ya mtengenezaji haikudanganya. Ilieleza plastiki. Viwango vya uchakavu na msuguano vinavyochapishwa humo hutoka mara nyingi kwenye kipimo cha ASTM D3702, ambacho husugua washa ya plastiki dhidi ya washa ya chuma cha kaboni, kwa kawaida pakavu na kwenye joto la chumba. Stenlesi laini iliyolowa kostiki kwenye sentigredi 80 ni ulimwengu mwingine. Swali la kumpa muuzaji ni: ulipima dhidi ya chuma gani, chenye ugumu gani, na kulikuwa na nini katikati?

PV nayo ilitumika nje ya mipaka yake. Kikomo kinachoandikwa ni cha bushi isiyolowa, inayoanzia joto la chumba na yenye nafasi ya kutosha. Mazingira yanapokuwa tayari na sentigredi 80, sehemu kubwa ya akiba ya joto imeshatumika kabla shafti haijazunguka. PV husema kama bushi itayeyuka. Haisemi chochote kuhusu kuvimba, wala kuhusu shafti.

Kuhusu majaribio, kosa lilikuwa mahali. Kama bushi mbili zile zingewekwa ukanda wa moto, mlio ungesikika kwenye bushi mbili na siyo nane. Naelewa kwa nini hawakufanya hivyo: kufika huko kunahitaji kumwaga matangi. Lakini jaribio linalofanyika mahali rahisi hutoa jibu la mahali rahisi.

Yaliyofanikiwa yanastahili kutajwa kwa uzito uleule. Grisi iliondoka na haikurudi. Kugawa mashine kwa kanda kulipunguza gharama na kulilazimisha kila chaguo lijieleze. Kutundika vipande tangini kulitupa ukweli wa kemia bila kutegemea jedwali la mtu. Na fundi wa zamu aliyepitisha ukucha juu ya shafti alifanya uchunguzi ambao vyombo vilikuja baadaye kuuthibitisha tu.

Yaliyobaki

Mambo mawili bado yanafuatiliwa. Grafiti na nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na zikikaa na metali ndani ya maji yenye chumvi zinaweza kuchochea kutu. Kwa sasa tabaka la kauri linazitenganisha na shafti, lakini kingo za mikono hukaguliwa kwa lenzi kila mashine inapofunguliwa. La pili ni stoo. Bado kulikuwa na bushi za nailoni yenye kioo kwenye rafu, zikifanana kwa kipimo na zile za PEEK, na rangi zake zote mbili ni nyeusi. Zimetengwa kwenye sanduku lenye alama ya upande mkavu, na kwenye mchoro wa kila bushi sasa huandikwa vitu vitatu pamoja: jina la plastiki, ugumu na ulaini wa shafti inayokutana nayo, na kemikali zote zinazoifikia, zikiwemo za mwisho wa juma.